Kipimo cha Kiingereza cha Kuongea kwa Wanaokwenda Kuwa TA Marekani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Barua za udahili wa uzamili na uzamivu zikianza kutoka Marekani, maswali huwa ni yale yale kila mwaka. "Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kwa nini napimwa tena?" "Chuo kilinisamehe TOEFL, mbona idara inataka mtihani mwingine?" "Nikifeli, ufadhili unaondoka?" Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyepata, au unayeomba, nafasi ya msaidizi wa kufundisha, ambaye huko huitwa TA. Hii ndiyo kazi inayowalipia wengi ada na posho ya kila mwezi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikaribia kwa kubahatisha.

Shika jambo moja kabla ya yote: kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa udahili, ambako chuo kinataka kujua kama utaweza kusoma kwa Kiingereza. Wa pili ni wa darasani, ambako kinataka kujua kama vijana wa miaka 18 watakuelewa ukiwa umesimama mbele yao. Kupita wa kwanza hakukupitishi wa pili. Chuo kinaweza kukusamehe TOEFL kwa sababu umetoka Kenya, au kwa sababu una barua inayoonyesha kuwa shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza, na bado kikakupima kabla ya kukupa darasa.

Mlango huu wa pili una mizizi ya kisheria. Malalamiko ya wanafunzi na wazazi katika miaka ya 1980 yalizifanya majimbo kadhaa, yakiwemo Florida, Ohio, Illinois na Texas, kutunga sheria au kanuni kuhusu Kiingereza cha wanaofundisha. Pennsylvania ilipitisha ya kwake mwaka 1990. Mratibu wa idara anapokwambia "lazima upimwe", mara nyingi hana ruhusa ya kukupitisha hivi hivi hata kama anakuamini.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya ofa ya ufadhili, kurasa zote. Sharti la Kiingereza aghalabu hukaa katika aya za mwisho.
- Pasipoti iliyo hai. Jisajili mtihani kwa majina yaliyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye vyeti na mawili kwenye pasipoti, au kinyume chake, na hapo ndipo watu hurudishwa mlangoni.
- Simu yenye kinasa sauti, na spika za masikioni.
- Kitabu cha kiada cha mwaka wa kwanza wa fani yako, kinachotumika Marekani. Vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, vinapatikana bure mtandaoni: fizikia, biolojia, kemia, takwimu, uchumi, sosholojia na vingine.
- Ubao mdogo mweupe, au karatasi za manila na makapeni.
- Wasikilizaji wawili, mmoja wao awe hajui fani yako kabisa.
- Wiki nane hadi kumi, dakika 40 kwa siku. Saa tano za Jumapili hazifanyi kazi ya dakika 40 za kila siku, kwa sababu hapa unazoeza ulimi.

Hatua ya 1: Jua unatakiwa nini hasa

Mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yako. Ofisi ya udahili ya chuo si mahali pa kuanzia, kwa kuwa huko watakujibu kuhusu mlango wa kwanza. Uliza mambo haya matano kwa barua pepe moja:

1. Je, nafasi yangu ya TA ina sharti la Kiingereza cha kuongea, na linanihusu mimi niliyesoma kwa Kiingereza?
2. Mnakubali alama za kuongea za TOEFL au IELTS, au lazima nifanye mtihani wa chuo?
3. Alama ya kufaulu moja kwa moja ni ipi, na ipo alama ya kufaulu kwa masharti?
4. Mtihani hufanyika lini, na naweza kuufanya kwa video kabla sijasafiri?
5. Nisipofaulu muhula wa kwanza, nitapewa kazi gani, na posho inabaki?

Swali la tano wengi huliogopa. Liulize, tena kabla ya tarehe 15 Aprili, siku ambayo vyuo vingi vya Marekani huwapa waombaji kama mwisho wa kukubali au kukataa ofa ya ufadhili. Baada ya hapo huna nafasi kubwa ya kujadiliana.

Unayekwenda kufundisha Kiswahili, iwe kwa Fulbright FLTA (mpango wa serikali ya Marekani wa walimu wa lugha za kigeni) au kama TA wa idara ya lugha, uliza pia. Sheria ya Florida, kwa mfano, haiyahusu masomo yanayoendeshwa hasa kwa lugha ya kigeni. Lakini darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza huelezwa kwa Kiingereza zaidi ya unavyodhani, na baadhi ya vyuo hupima walimu wa lugha kama wengine wote.

Hatua ya 2: Chagua njia

Njia ya kwanza ni alama za mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, yaani TOEFL au IELTS. Ya pili ni mtihani wa chuo chenyewe. Tazama jinsi viwango vinavyotofautiana:

- Michigan State imekuwa ikitaka 27 kati ya 30 kwenye sehemu ya kuongea ya TOEFL, au 50 kwenye mtihani wake yenyewe.
- University of Florida imekuwa ikitoa ruhusa kamili kwa 28 ya kuongea kwenye TOEFL. Mwenye 23 hadi 27 anafundisha huku akihudhuria kozi ya kuongea.
- Penn State ina mtihani wake uitwao AEOCPT. Ukipata 250 hadi 300 umepita, na chini ya hapo unapangiwa kozi kulingana na alama.
- Purdue ina OEPT, unaofanywa kwa kompyuta, na alama ya kupita ni 50.
- UCLA ina TOP, ambao unafundisha somo fupi mbele ya watahini na wanafunzi; 7.1 kati ya 10 ni kupita bila masharti.

Kwa hiyo alama iliyompitisha rafiki yako Ohio haikuhusu wewe uliyepata Illinois. Soma ukurasa wa chuo chako, mwaka huu.

Angalizo kuhusu TOEFL: tangu Januari 2026 alama hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 6, badala ya 0 hadi 30 kwa kila sehemu. Ukikuta chuo bado kinataja 26 au 27, muulize mratibu ni alama gani ya kipimo kipya wanayoikubali, na umwombe aiandike. Sehemu ya kuongea nayo imebadilika: unasikiliza sentensi na kuzirudia, kisha unajibu maswali ya mahojiano papo kwa papo, bila muda wa kupanga. Vitabu vya mazoezi vya mtindo wa zamani, wenye sekunde 15 au 30 za kujiandaa, vitakuzoesha mtihani ambao haupo tena.

Kuongea kwa IELTS ni mazungumzo na mtahini mmoja kwa dakika 11 hadi 14. Katika sehemu ya pili unapewa dakika moja ya kujiandaa na unaongea dakika moja hadi mbili. Kama unashtuka ukiongea na mashine, kama ilivyo kwenye TOEFL, hii itakufaa zaidi. Alama za mitihani yote miwili huhesabiwa hai kwa miaka miwili, basi usifanye mapema mno.

Makosa matatu ya hatua hii: kutuma alama za mtihani wa Kiingereza wa Duolingo kwa sababu zilikubaliwa kwenye udahili, ilhali idara haizikubali kwa TA, kutegemea alama bora zilizokusanywa kutoka mitihani uliyofanya nyakati tofauti, ambazo vyuo kadhaa huzikataa kwa kazi hii, na kutazama jumla ya alama badala ya alama ya kuongea peke yake. Jumla nzuri haikusaidii ikiwa kuongea kumebaki chini.

Ushauri wetu: ukiwa na alama ya kuongea iliyo karibu sana na kiwango, rudia mtihani wa kimataifa ukiwa nyumbani. Ukiwa mbali na kiwango, okoa pesa na ujiandae kwa mtihani wa chuo, maana huo hupima kufundisha, na kufundisha kunaweza kuzoezwa.

Hatua ya 3: Jirekodi kabla hujajifunza chochote

Chukua dhana moja ya mwaka wa kwanza wa fani yako. Ieleze kwa dakika tatu bila kusoma, huku unarekodi. Siku ya pili sikiliza mara tatu, kila mara ukiwa na kazi moja tu:

- Mara ya kwanza, hesabu vituo virefu na kila "eeh", "aam" na "you know".
- Mara ya pili, andika kila istilahi uliyotamka kwa wasiwasi.
- Mara ya tatu, angalia kama sauti inapanda na kushuka, au ni tambarare kama anayesoma orodha ya mahudhurio.

Kisha mpe yule asiyejua fani yako aandike alichoelewa kwa sentensi mbili. Asichoandika ndicho kilichopotea. Tunza rekodi hiyo. Utailinganisha na ya wiki ya nane.

Hatua ya 4: Shadda kwanza, sauti baadaye

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapata faida kubwa kwa muda mfupi, kwa hiyo kaa hapa wiki tatu nzima.

Kiswahili huweka shadda, yaani mkazo wa sauti, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, vi-ta-BU-ni. Ulimi wetu unabeba kanuni hiyo hadi kwenye Kiingereza, ambako shadda haina makao. Mmarekani hutambua neno kwa shadda yake kuliko kwa herufi zake. Ukitamka kila sauti vizuri lakini shadda ikakaa pabaya, atakukazia macho tu. Shadda ikiwa sahihi na sauti ikawa ya Kiafrika, atakuelewa.

Maneno yanayotuangusha zaidi ni yale yenye shadda kwenye silabi ya tatu au ya nne kutoka mwisho:

- CAT-e-go-ry, si ca-te-GO-ry
- VAR-i-a-ble, si va-ri-A-ble
- MECH-a-nism
- pa-RAM-e-ter
- hy-POTH-e-sis
- a-NAL-y-sis
- e-CON-o-my, lakini ec-o-NOM-ic

Shadda huhama neno likinyambuliwa: PHO-to-graph, pho-TOG-ra-phy, pho-to-GRAPH-ic. Huhama pia nomino ikiwa kitenzi: "an INcrease" lakini "to inCREASE", "a REcord" lakini "to reCORD".

Fanya hivi:

1. Toa istilahi 60 kwenye sura tatu za mwanzo za kitabu chako cha kiada.
2. Tafuta kila moja kwenye kamusi ya Merriam-Webster mtandaoni, ambayo ina alama ya shadda na sauti ya Kimarekani. YouGlish itakuonyesha neno lile lile likitamkwa na watu mbalimbali ndani ya video.
3. Andika neno kwenye kadi, silabi yenye shadda kwa herufi kubwa.
4. Tamka kadi kumi kwa siku. Kwenye shadda piga meza kwa kiganja. Silabi hiyo iwe ndefu zaidi, si ya kelele tu. Zilizobaki zifupishe mpaka irabu zake zififie. Kufifisha irabu ni kugumu kwetu, kwani katika Kiswahili kila irabu ina haki yake.
5. Weka kila neno ndani ya sentensi ambayo kweli utaisema darasani.

Hatua ya 5: Sauti chache zinazobadilisha maana

Usijaribu kufuta lafudhi. Watahini makini hawapimi kama unaongea kama mtu wa Chicago. Wanapima kama msikilizaji anahangaika. Kuiga pua ya Kimarekani huharibu ufasaha uliokuwa nao. Shughulikia hizi tu.

*Irabu ya "a".* Kiswahili kina irabu tano, na "a" yetu moja inabeba mzigo wa nne za Kiingereza: "hat", "hut", "heart" na "hurt" zote huishia kuwa "hat". Fizikia ina "work", hesabu ina "curve", takwimu ina "first" na "third". Ukisema "wak", "kav" na "fast", sentensi nzima inapotea. Kwa maneno yenye "er", "ir" na "ur", kunja ulimi nyuma kidogo bila kugusa popote, na uishikilie "r" ya Kimarekani isikike.

*"i" fupi na ndefu.* "Fill" na "feel", "live" na "leave". Kuwa mwangalifu hasa na "sheet" na "beach". Irabu ikifupika yanakuwa matusi, na "answer sheet" utaisema kila wiki.

*Mwisho wa neno.* Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, ndiyo maana "change" likawa "chenji". Irabu hiyo ya ziada ikitokea mwishoni mwa kila neno, msikilizaji anachoka. Kinyume chake ni kumeza konsonanti zikirundikana: "asks", "texts", "products". Zoeza "-s" na "-ed", maana ndizo zinazobeba wingi na wakati uliopita.

*Namba.* 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50. Kwa "-teen" vuta silabi ya mwisho na usikike "n"; kwa "-ty" shadda iwe mwanzoni na mwisho uwe mfupi. Na kila namba muhimu iandike ubaoni.

*"l" na "r".* Kama lugha yako ya nyumbani haizitofautishi, tenga siku kumi kwa "correlation", "parallel", "problem" na "regular".

"Th" isikutishe. Ukisema "thamani" na "dhahabu" sawasawa tayari una "think" na "this". Kama umezoea kusema "samani" na "zahabu", anza kwa kurekebisha Kiswahili chako, kisha uhamishe ulimi.

Waliosoma kwa Kifaransa Burundi au Kongo wana jambo moja la nyongeza: Kifaransa husukuma mkazo mwishoni mwa kifungu, na tabia hiyo huingia kwenye Kiingereza chao. Warudi hatua ya 4 mara mbili.

Hatua ya 6: Tengeneza somo fupi

Mitihani mingi ya vyuo hukutaka ufundishe dakika 5 hadi 10 mbele ya watahini wawili au watatu, pengine na wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaouliza maswali. Ukiweza kuchagua mada, chagua ndogo. "Demokrasia" ni kubwa mno, "usanisinuru" pia. Chagua kitu kinachoisha kwa mfano mmoja ubaoni.

Tuchukue tofauti ya wastani ("mean") na kati ("median") katika takwimu:

1. *Sekunde 30:* salamu, jina lako na swali la leo. "Today we'll see why two kinds of average can give two very different answers."
2. *Dakika 1:* andika ubaoni mishahara mitano: 10, 12, 13, 15, 100. Uliza: "What does a typical worker here earn?" Ngoja sekunde tatu kweli kweli. Ukijijibu papo hapo, umeonyesha kuwa swali lilikuwa pambo.
3. *Dakika 2:* kokotoa "mean" hatua kwa hatua. Jumla ni 150, gawanya kwa 5, unapata 30. Kisha "median": ya katikati ni 13. Sema kila unachoandika.
4. *Dakika 1:* eleza kwa nini. Mmoja mwenye 100 ameuvuta wastani, lakini yule wa katikati hakusogea.
5. *Sekunde 30:* wape kazi. "If the 100 becomes 1,000, what happens to the median?" Jibu: haibadiliki.

Kata sentensi kwa vituo vya maana: "The median / is the value in the middle / when we put the numbers in order." Ndani ya kila kipande kuna neno moja linalopanda. Kituo kikikaa katikati ya kipande, unasikika kama umekwama; kikikaa mwishoni, unasikika kama mwalimu.

Makosa yanayowaangusha watu katika hatua hii, kwa uzito wake:

- *Kukariri neno kwa neno.* Watahini huligundua ndani ya nusu dakika, kwa kuwa sauti inakuwa sawa na macho yanatazama mbali. Wakikukatiza kwa swali, uzi unakatika na haurudi. Kariri mpangilio na sentensi ya kwanza tu.
- *Kuongea na ubao.* Andika, geuka, kisha ongea.
- *Kufundisha utafiti wako.* Wasikilizaji ni wa mwaka wa kwanza. Ukitumia istilahi tatu bila kuzieleza, alama zinashuka hata Kiingereza kikiwa safi.
- *Kukimbia.* Hofu ikipanda, kasi hupanda nayo. Kuandika istilahi ubaoni unapoitaja mara ya kwanza kunakupunguza kasi na kunamwokoa msikilizaji endapo matamshi yameteleza.

Hatua ya 7: Zoeza maswali

Watu wengi wazuri hupoteza alama hapa. Somo lao ni safi, kisha swali la kwanza linawayeyusha. Mwanafunzi wa Kimarekani haulizi kwa sentensi ya kitabu. Atasema: "Wait, where'd the 5 come from?" "I'm lost." "Is this gonna be on the exam?" "Can you go over number four?" "Could I get an extension?"

Fuata mpangilio huu kila mara:

1. Msikilize mpaka amalize. Usimkate.
2. Rudia swali kwa maneno yako: "So you're asking why we divide by 5." Unahakikisha umeelewa, darasa zima linasikia, na unapata sekunde nne za kufikiri.
3. Jibu kwa sentensi mbili au tatu, ukionyesha ubaoni.
4. Uliza: "Does that answer your question?"

Usipoelewa, usitabasamu na kusema "yes". Kwetu hiyo ni adabu ya kutomwaibisha aliyeuliza, lakini mtahini ataandika kwamba huelewi wanafunzi. Wala usirudie "Pardon?" mara tatu. Bana swali: "Do you mean this step, or the one before it?" Hakuna anayekatwa alama kwa kuuliza hivyo.

Mwambie rafiki akukatize mara sita ndani ya dakika tano, kila siku kwa wiki mbili. Sikiliza pia video za vijana wa Kimarekani wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Habari za redio ni taratibu mno kwa zoezi hili.

Jitayarishe na tabia za darasani. Mwanafunzi atakuita kwa jina lako la kwanza, atauliza akiwa amekaa, huenda anakunywa kahawa. Si dharau. Ukinuna, inaonekana usoni.

Badilisha pia baadhi ya maneno tuliyoyarithi kwa Waingereza. "Rubber" ni "eraser". Huko la kwanza ni kondomu. "Marks" ni "points" au "grade". "Invigilate" ni "proctor". "Maths" ni "math". "Zed" ni "zee", na hili linaumiza kwenye milinganyo. "Brackets" za mviringo ni "parentheses". "Tutorial" huwa "discussion section" au "recitation". Ukiwaambia "revise chapter two", wataelewa kuwa sura inaandikwa upya, sema "review".

Hatua ya 8: Siku ya mtihani

Fika dakika 30 kabla. Ongea Kiingereza kwa sauti kwa dakika 15 kabla ya kuingia, hata na ukuta. Ulimi uliotoka kuongea Kiswahili asubuhi nzima unachelewa kubadili gia. Kwa mtihani wa kompyuta, weka maiki kando ya mdomo ili pumzi isigonge, na ongea kwa sauti yako ya kawaida hata jirani akipaza. Ukikosea neno, lirekebishe mara moja na uendelee. Ukikosea mara mbili, liache.

Kama umetua Marekani wiki hiyo, omba tarehe ya mwisho kati ya zilizopo. Safari ya Dar es Salaam au Nairobi hadi huko inakuacha na tofauti ya saa saba hadi kumi na moja, na usingizi huathiri ufasaha kuliko sarufi.

Mambo yakienda mrama

*Alama ya kuongea imeganda chini kidogo ya kiwango, mtihani baada ya mtihani.* Sarufi si tatizo tena. Sikiliza rekodi zako: mara nyingi ni sauti tambarare, au majibu yanayokatika kabla hoja haijafika. Rudi kwenye vituo na kiimbo kwa wiki tatu kabla ya kulipia tena.

*Umefaulu kwa masharti.* Utafundisha huku ukihudhuria kozi. Ichukue muhula huo huo, kwa sababu ruhusa ya muda huwa na mwisho.

*Umefeli mtihani wa chuo.* Omba kikao cha maoni na watahini ndani ya wiki moja, na uulize kipengele kilichokuangusha: matamshi, kuelewa maswali, au mpangilio. Uliza ni lini unaruhusiwa kurudia na mara ngapi. Kisha mwone mratibu ukiwa na pendekezo mkononi: kusahihisha, kuandaa maabara, au usaidizi wa utafiti kwa muhula mmoja. Idara nyingi huwa na kazi hizo, lakini hupewa anayejitokeza mapema.

*Kazi imeondolewa na posho imesimama.* Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kutafuta kazi yoyote. Viza ya mwanafunzi ya F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kufanya kazi nje bila kibali kunaweza kukupotezea hadhi ya uanafunzi.

*Umefaulu, lakini wanafunzi bado wanasema hawakuelewi.* Wiki ya kwanza andika ubaoni jina lako, mada na istilahi tano za siku kabla hawajaingia. Wape karatasi ndogo dakika tatu za mwisho waandike walichokosa, bila majina. Istilahi inayojirudia kwenye karatasi hizo itengenezee kadi, uizoeze usiku huo huo, na uitumie mara tano katika kipindi kinachofuata.